Jino Alilolivunja Balozi

Wanaosema kisasi tumwachie Mungu hawakukaa Mabatini ukuta kwa ukuta na balozi wetu wa nyumba kumi. Mimi nilikaa. Alimvunja mbwa wangu jino kwa mchi, mbele ya macho yangu, kisha akacheka, na tangu saa ile nilikuwa na haja moja tu hapa duniani: alipe. Foleni za sukari, sabuni za magendo na hotuba za redioni za miaka ile nimezisahau nusu. Ule mchi sijausahau.

Nilikuwa mwanamke kijana, mpiga chapa katika ofisi ya pamba, nimeolewa na kijana wa kwetu Kagera aliyefanya kazi melini. Siku nyingi mwenzangu yuko ziwani, na akirudi analala kama gogo. Mtoto tulikuwa hatujapata. Ili nisizungumze na kuta aliniletea mbwa dume wa rangi ya kahawia, masikio yamelala, aliyepewa na mpishi wa misheni. Nilimlaza ndani, jambo ambalo mtaani kwetu lilihesabiwa kuwa wazimu wa Kihaya. Balozi ndiye aliyenibandika jina la Mama Mbwa. Alilisema mara ya kwanza kwenye foleni ya unga, wanawake wote wakisikia, na alijua vizuri lingeniuma wapi.

Balozi alikuwa pande la mtu, sauti kama ya mnadani, na kila sentensi yake ilianza na chama. Bila kauli yake hupati mgao, hulazi mgeni, hupigi ngoma ya harusi. Nisiseme uongo, watu walimwogopa, na mimi nilikuwa miongoni mwao mpaka siku ya furu.

Siku hiyo furu, wale samaki wadogo wa ziwani, walianikwa uani kwake juu ya mkeka. Ukuta wa kututenganisha ulikuwa matofali ya udongo yaliyolika na mvua, mbwa wangu akapita palipobomoka, akachukua samaki mmoja. Mmoja, tena wa kidole. Nilikuwa naanika nguo, nikamwona balozi anainuka kwenye kigoda, anachukua mchi kinuni bila haraka, kisha anampiga mnyama mdomoni upande wa kushoto. Mlio ule sijausikia tena kwa mbwa yeyote. Alirudi kwangu anayumba, damu zinamtoka, akaingia chini ya kitanda.

Nilimwuliza balozi kwa nini. Akanijibu huku akirudisha mchi wake kinuni, "Nimempunguzia meno, Mama Mbwa. Zama hizi za uhaba kila mtu apunguze kitu." Halafu akacheka, na waliokuwa pale kwake wakacheka kwa sababu yeye amecheka.

Tangu siku hiyo nikaacha kumwamkia. Kwetu kumpita mtu mzima bila shikamoo ni sawa na kumtemea mate, na mtaa mzima uliona. Mama mmoja mtu mzima alinivuta pembeni akanisihi nimwamkie walau kwa sauti ya chini. Nilimwambia shikamoo yangu ameivunja pamoja na jino.

Damu ilikauka, nikadhani yamekwisha. Ujinga wangu ulikuwa huo, na ulikuwa ujinga wa watu wote, maana nani alijua habari za meno ya mbwa? Sisi wenyewe dawa ya meno ilikuwa imeadimika, tunasugua kwa mkaa na chumvi. Nilipomfungua kinywa niliona gego kubwa la juu limepasuka ubavu mzima, na katikati pana kitone chekundu kama ncha ya kalamu ya biki. Baada ya wiki kadhaa kitone kikawa cheusi, nikashukuru, nikadhani kimepona. Kumbe ndio kwanza jino linaoza kwa ndani.

Kidogo kidogo nikaanza kuona mambo. Akawa anatafuna upande mmoja, kichwa kakiinamisha. Mfupa aliokuwa akiupigania zamani aliunusa akauacha. Ugali ulimdondoka mdomoni, na kinywa kikawa kinanuka mpaka nikimwita karibu nageuza uso. Wakati mwingine alikuwa anasugua shavu kwenye sakafu huku akiguna. Nilimpikia uji wa mtama na supu ya samaki, nikawa nautazama ukuta wa jirani huku nakoroga.

Zilipoanza mvua akavimba chini ya jicho. Nilidhani nyuki, nikamkanda kwa maji ya moto. Siku ya tatu uvimbe ukapasuka, pakabaki tundu dogo nusu ya kidole chini ya jicho, na tundu lile likawa linatoa maji mazito yanayotiririka kando ya pua hadi mdomoni. Ukimfuta, yanarudi. Mtu akimwona kwa mbali angeapa kwamba mbwa yule analia.

Na waliapa kweli. Mtaani kwetu palikuwa na Wasukuma, Wakerewe, Wajita na sisi wa ng'ambo ya ziwa, tuliobishana juu ya kila kitu, lakini kwa hili hawakubishana: mbwa akilia machozi ameona msiba, na msiba huo hautoki nje ya nyumba zinazomzunguka. Katika nyumba ya nne mtoto alikuwa na homa kali. Baba yake alisimama mlangoni pangu, akanisalimu kwa heshima, akaniomba nimwondoe yule mbwa kabla hajamlilia mwanawe. Sikumchukia, alikuwa na hofu. Niliyemchukia ni yule aliyeichukua hofu ya wenzake akaifanya fimbo.

Balozi aliitisha mkutano uani kwake. Alisema chama hakiamini ushirikina, ila usalama wa wananchi ni jambo la kwanza, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada mgambo atakuja na bunduki na mbwa atamalizwa. Nilisimama. Nikasema mbwa haoni msiba wowote, ana jino bovu, na jino hilo limeharibika kwa mchi ule pale kinuni, na aliyempiga nao ndiye mwenyekiti wa mkutano huu.

Balozi akanitazama, akatabasamu, akawageukia watu kama mwalimu anayewaonyesha darasa mtoto mjinga. "Machozi yanatoka jichoni," akasema. "Jino na jicho, wapi na wapi?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilijua ninachojua, lakini jinsi ya kukionyesha sikujua, na nilirudi nyumbani kwa hasira. Nikamfuta mbwa uso, nikamwambia hatakufa Jumapili, na kama atakufa hatakufa peke yake.

Jumamosi nikaomba nafasi kwenye lori la pamba linalokwenda Kigongo. Ng'ambo, upande wa Busisi, alikuwepo bwana mifugo mmoja wa kwetu, msomi, Mlutheri mkavu asiyejua mzaha, aliyesifika kwa ng'ombe. Niliwaza kwamba mtu anayeweza kung'oa jino la fahali hatashindwa na la mbwa. Kivukoni nilimfunga mbwa kanga kichwani kama bibi mwenye kipandauso. Mwanamke mwenye matenga ya kuku akauliza kuna nini, nikajibu nyuki. Lau angejua mle ndani mna mbwa anayelia, tungeshushwa wote wawili, na pengine si nchi kavu. Mbwa akaweka kidevu kwenye paja langu, usaha ukapenya kanga, na katikati ya maji nilipanga maneno nitakayomwambia balozi. Mengi yalikuwa ya kumlaani.

Nilimkuta bwana mifugo kwenye josho, suruali imelowa dawa ya kupe hadi magotini. Nilianza kumweleza habari za msiba, akanikatiza. Alimshika mbwa taya, akainua mdomo wa juu, akanusa, akasema hilo ni gego na lina mizizi mitatu, na mzizi mmoja umekwenda juu karibu kabisa na chini ya jicho. Usaha ukikosa njia ya kutokea kinywani hutoboa shavu. Aliwahi kuona mbwa kadhaa wa aina hii, akasema, na karibu wote walipigwa au walitafuna mawe. Nilimuuliza kama anasema kweli au ananifariji. Akaniambia yeye hafariji watu.

Dawa ya usingizi ilikuwa imebaki kidogo chupani, alikuwa ameitunza kwa ng'ombe wa shamba la serikali. Aliitazama ile chupa, akanitazama mimi, akavuta sindano. Mbwa alipolegea tulimlaza juu ya meza ya mbao. Jino halikukubali kutoka zima, ilibidi alipasue vipande vitatu, kila kipande na mzizi wake, na kimoja kilitoka na kifuko cha usaha kinachonuka hata nje. Kisha akanionyesha meno mengine. Yalikuwa yamefunikwa ukoga mgumu wa rangi ya udongo, fizi zimerudi nyuma, mengine yanacheza ukiyagusa. Aliyang'oa manne zaidi kwa vidole na koleo, akayakwangua yaliyobaki. Akaniambia ukoga huo haukuletwa na balozi, umeletwa na mimi nisiyemsafisha, na nisugue kila siku kwa kitambaa na chumvi kidogo. Niliupokea ukali wake. Lile gego lakini lilikuwa la mtu mmoja.

Akafanya jambo ambalo kwake lilikuwa kazi ya kawaida tu. Alivuta maji ya chumvi kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, akaweka mdomo wa bomba kwenye shimo la jino, akasukuma. Maji yakatoka chini ya jicho.

Nilimwomba arudie. Akarudia, na maji yakatoka tena pale pale, tone kwa tone, kama machozi. Akanipa bomba lile nikaoshee kidonda kila siku hadi tundu lizibe lenyewe, na kichupa cha dawa ya zambarau, ile tunayopaka watoto vidonda vya mdomo, nichanganye matone machache. Sijui kama aliona uso wangu. Nilikuwa nimefurahi kwa namna ambayo si ya Kikristo.

Jumapili mgambo alikuja kweli, bunduki begani, na watu walijaa uani kwa balozi, waliotoka kanisani na wasioenda. Nilikuja na mbwa kwa kamba, bomba na kichupa vimo kwenye kikapu. Saa ya kumwosha ilikuwa imefika hata hivyo, kwa hiyo sikumtesa kwa ajili ya kuwaonyesha watu, na alikwisha kujua kwamba maji yale yanampa nafuu. Nilisema naomba kujibu swali la mwenyekiti. Balozi akasema swali gani. Nikasema lile la jino na jicho.

Nilimwita baba wa mtoto mwenye homa asogee. Nikamfungua mbwa kinywa, nikamwonyesha shimo. Nikavuta maji ya zambarau, nikaingiza bomba, nikasukuma polepole. Kwa muda hapakutokea kitu, nikasukuma tena kidogo. Kisha chini ya jicho pakatokea tone la zambarau, likakua, likashuka kando ya pua yake na kuacha mstari. Likaja la pili. Baba yule akaweka kidole, akakitazama kidole, akawaonyesha watu. Nikamwaga vipande vitatu vya jino, nilivyorudi navyo kutoka Busisi, kwenye kiganja nikapita mbele yao mmoja mmoja, nikawaambia huo ndio msiba aliouona mbwa.

Wa kwanza kucheka alikuwa mgambo. Wengine wakafuata, na safari hii walimcheka balozi. Nilimtazama nikila kile kicheko kama mtu aliyeshinda na njaa. Lakini mtu yule hakuwa mwepesi kuanguka. Alinyanyua mkono, akasema haya, jino lilivunjika, basi ni nini? Mbwa ni mbwa. Nani kati yenu hajawahi kumpiga mbwa mwizi? Nikaona vichwa vinaanza kukubali, kwa sababu ni kweli kila mmoja aliwahi kumpiga mbwa.

Hapo mke wake akasimama. Alikuwa mwanamke mkimya, wa upande wa Sengerema, ambaye siku zote aliongea na pindo la kanga mdomoni, tukadhani ni haya. Aliliondoa pindo. Juu hapakuwa na meno ya mbele, ufizi mtupu.

"Na mimi niliiba samaki gani?" akamwuliza mumewe.

Akaingia ndani. Wanawake wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga, jambo ambalo uani kwa balozi lilikuwa halijatokea. Mgambo akatwaa bunduki yake, akasema yeye aliitiwa mbwa mwenye wazimu na haoni mbwa wa namna hiyo. Yule mtoto homa yake ilishuka kwa klorokwini. Mbwa wangu akaachwa aishi.

Mtu mwingine angeona yametosha. Mimi sikuona. Niliposikia kesho yake kwamba mwanamke yule amefunga mzigo na kurudi kwao, nilimwonea uchungu, ndiyo, na nililia kwa kutojua kilichokuwa kinatendeka nyuma ya ukuta uleule nilioukodolea macho kwa chuki kila siku. Lakini chini ya uchungu kulikuwa na furaha, kwamba sasa yule bwana anajipikia. Nilimwona akipepeta dagaa vibaya, mchanga wote umebaki. Nilisimama pale nikamtazama makusudi huku nikimsugua mbwa wangu meno kwa kitambaa, na watu wapitao walinicheka kwamba taifa halina dawa ya meno na mbwa wa Mhaya anasafishwa kinywa kila jioni. Niliwaacha wacheke. Wakati wa kuchagua balozi ulipofika hakuna aliyelitaja jina lake.

Alikaa hivyo miezi. Kumfuata mke aliyerudi kwao ni kazi yenye utaratibu: huendi peke yako, unakwenda na jirani mwenye heshima, ndiye anayekuombea msamaha kwa wakwe, anasema shetani alipita tu, mwanamume ni mwema. Majirani wote walimkatalia, kila mmoja na udhuru wake. Halafu baba mkwe akatuma neno kutoka Sengerema kwamba hataki mzee yeyote wa chama, aletewe yule mama mwenye mbwa.

Alikuja mlangoni kwangu akapiga hodi kwa sauti ambayo sikuijua. Hakuniita Mama Mbwa. Alisema, "Mama, naomba unisindikize." Mbwa, amelala kizingitini, hakuinua hata kichwa. Mume wangu alikuwapo siku hiyo, akanikonyeza nikatae. Nilisema nitakwenda. Nilimwachia mbwa mama wa nyumba ya nne, nikampa na kitambaa na chumvi.

Tulivuka Busisi tukiwa tumekaa mbalimbali. Kwa wakwe tulipewa vigoda chini ya upenu, maziwa yakaletwa, mke hakutoka. Mzee alikuwa mwembamba, mpole, amevaa koti la zamani. Jambo lenyewe lilikuwa zito kwake: binti akibaki, ng'ombe wa mahari lazima warudi, kwa sababu binti na balozi hawakupata mtoto. Naam, yule aliyenipa jina kwenye foleni ya unga. Nilikuwa silijui hilo mpaka siku ile, nikalimeza pamoja na maziwa.

Mzee alitusikiliza salamu zote hadi zikaisha. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe mwanangu umekaa naye jirani. Unasemaje, nimrudishe binti yangu?"

Balozi alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane macho yake yaliniomba kitu. Nilijua maneno yanayotakiwa, kila aliyelelewa vizuri anayajua. Niliweka kibuyu cha maziwa chini.

"Baba," nikasema, "mimi nikisafiri, mbwa wangu simwachii huyu."

Mzee akawaita vijana wake wafungue zizi.

Tulirudi kwa kivuko kimoja, yeye nyuma kati ya ng'ombe wake, mimi mbele nikitazama Kigongo inavyokaribia, na sikujisikia vibaya hata kidogo.